Mpira Ukikaa Mikononi mwa Mtu Mmoja

Makocha wenzangu, wachezaji, na nyote mnaoupenda mpira wa kikapu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nijibu swali moja: nyota anayekaa na mpira, anayeanzisha kila shambulizi na kulimaliza mwenyewe, anaisaidia timu yake au anaiumiza?

Swali hili hubishaniwa kama kesi ya tabia. Wapo wanaosema huyu ni mchoyo, na wapo wanaosema huyu ni mfalme, apewe mpira watu wasogee. Nawaomba leo tuiache tabia tuangalie kazi. Jibu langu nalitoa mapema ili mpate muda wa kulipinga: nyota wa aina hii huibeba timu dhaifu kuliko mtu mwingine yeyote. Timu hiyohiyo ikishaimarika, yeye ndiye anayeanza kuizuia isifike kileleni, mpaka ajifunze kucheza bila mpira. Na kumfundisha hilo ni kazi yetu sisi makocha.

Tuanze na Russell Westbrook, msimu wa 2016–17. Nyota mwenzake, Kevin Durant, alikuwa ameihama Oklahoma City Thunder, na mzigo wote ukabaki kwa Westbrook. Katika muda aliokuwa uwanjani, asilimia 41.7 ya mashambulizi ya timu yaliishia mikononi mwake: ama alitupa kikapuni, ama alipiga mitupo huru, ama aliupoteza mpira. Katika rekodi za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, hakuna mwingine aliyefika hapo kwa msimu mzima. Alimaliza na wastani wa pointi 31.6, ribaundi 10.7 (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) na asisti 10.4 (pasi zilizozaa kikapu) kwa mchezo. Michezo 42 alifikisha tarakimu mbili katika mambo hayo matatu, akavunja rekodi ya Oscar Robertson ya michezo 41 iliyokuwa imesimama tangu 1962. Akatangazwa mchezaji bora wa msimu. Timu ikashinda michezo 47 kati ya 82, ikaingia hatua ya mtoano, ikatolewa raundi ya kwanza na Houston Rockets kwa michezo 4 kwa 1.

Mtu akiniambia Westbrook aliiumiza timu ile, nitamkatalia. Mwondoe pale, na sioni nani angeifikisha kwenye mtoano. Lakini tazameni mchezo wa pili dhidi ya Houston. Alifunga pointi 51, na bado Thunder walishindwa 115 kwa 111. Katika robo ya nne alitupa mara 18, zikaingia 4. Miguu ilikuwa imekwisha. Walinzi walijua kila mpira unakokwenda. Na wenzake, ambao kwa miezi sita walikuwa wamezoea kumtazama, hawakuwa na mwendo wowote wa kumwondolea mzigo. Namba zile 4 kwa 18 hazikuzaliwa usiku ule. Zilipikwa msimu mzima, shambulizi baada ya shambulizi.

Kwa hiyo tulishike shambulizi moja tulitazame kwa saa.

Saa ya sekunde 24, muda ambao timu lazima iwe imetupa kikapuni, iliingia NBA mwaka 1954, na nyota alikuwa na mkono katika kuzaliwa kwake. Mwaka 1950 Fort Wayne Pistons waliamua kuukalia mpira ili tu usimfikie George Mikan wa Minneapolis Lakers, mchezo ukaisha 19 kwa 18, na Mikan peke yake alifunga 15 kati ya zile 18 za Lakers. Mashabiki walipandwa na hasira. Saa ikaletwa ili timu isiweze kuuficha mpira. Lakini saa haimzuii mtu mmoja kuumaliza muda wote peke yake.

Sasa nyota wetu anapokea mpira, anavuka nusu ya uwanja akiwa ametumia sekunde tano. Anamwita mwenzake mrefu aje kuweka skrini, yaani asimame kumzibia njia mlinzi. Skrini inawekwa, haipendi, anaashiria irudiwe upande wa pili. Saa inasoma 13. Mtazameni kijana aliye kwenye kona. Mikono iko magotini. Mlinzi wake ameshamwacha, mguu mmoja uko chini ya kikapu, kifua chote kimemwelekea mwenye mpira. Mlinzi huyo anapumzika. Saa inasoma 8. Nyota anadunda, anapiga chenga, anaingia, watu watatu wanamzingira. Sasa ndipo anakumbuka pasi. Mpira unamfikia kijana wa kona zikiwa zimebaki sekunde tatu, umekuja chini ya goti, na hajaugusa kwa dakika nne. Hana la kufanya ila kutupa. Anakosa.

Kwenye karatasi ya takwimu tunaandika kwamba kijana amekosa. Nyota anatikisa kichwa. Shambulizi linalofuata hatoi pasi, kwa sababu wenzake "hawafungi". Na kweli hawafungi! Lakini mikono yao imepoa kwa sababu ya namna tunavyocheza, kisha tunatumia ubaridi wa mikono yao kuhalalisha namna hiyohiyo ya kucheza. Mzunguko huu ndio dhara kubwa la mpira kukaa kwa mtu mmoja. Haumo katika wastani wa pointi za nyota, na ndiyo maana wazazi na mashabiki hawauoni. Kocha anapaswa kuuona.

Yupo mtu aliyeuvunja mzunguko huo mbele ya dunia nzima. Msimu wa 1986–87 Michael Jordan alifunga wastani wa pointi 37.1 kwa mchezo. Chicago Bulls wakashinda michezo 40, wakapoteza 42, na Boston Celtics wakawatoa kwa michezo mitatu mfululizo. Mwaka 1989 Phil Jackson alichukua timu akiwa na msaidizi wake Tex Winter na mfumo wa pembetatu, mfumo unaotaka mpira uzunguke na kila mtu awe na pa kwenda. Jordan hakuupokea kwa furaha, na simlaumu. Ulimtaka mtu mwenye uwezo wa kumpita mlinzi yeyote duniani aanze kwa kutoa mpira. Msimu wa 1990–91 wastani wake ulishuka hadi 31.5. Bulls walishinda michezo 61 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza kwa kuwafunga Lakers 4 kwa 1. Katika mchezo wa mwisho wa fainali hiyo, John Paxson, ambaye hakuna aliyemwita nyota, alifunga pointi 20, nyingi zikitokana na walinzi kumkimbilia Jordan na kumwacha yeye peke yake.

Angalieni namba tena. Jordan hakuacha kuwa mfungaji bora wa ligi. Pointi 31.5 bado ni mlima. Kilichobadilika ni mahali alipoupokea mpira na muda aliokaa nao. Aliupata karibu zaidi na kikapu, ulinzi ukiwa umeshayumbishwa, mara nyingi bila kudunda zaidi ya mara moja au mbili.

Mwaka 1993, mchezo wa sita wa fainali kule Phoenix, Jordan alikuwa amefunga pointi zote tisa za Bulls katika robo ya nne. Zote. Bulls wako nyuma kwa mbili. Kila mtu ukumbini anajua nani atatupa. Jordan analeta mpira, anampa Scottie Pippen, Pippen anamlisha Horace Grant karibu na kikapu, Grant anautoa nje kwa Paxson. Pointi tatu, zimebaki sekunde 3.9, Bulls bingwa, 99 kwa 98. Mwaka 1997, mchezo wa sita dhidi ya Utah Jazz, matokeo 86 kwa 86, kamera zilinasa taimauti, yale mapumziko mafupi ya timu, ambapo Jordan alimwonya mwenzake Steve Kerr kwamba John Stockton wa Jazz angemwacha Kerr aje kusaidia kumkaba Jordan, na Kerr akamjibu kwamba atakuwa tayari. Stockton alikuja. Jordan alitoa pasi. Kerr alifunga. Mimi hulirudia tukio hili kwa wachezaji wangu kwa sababu ya yale mazungumzo ya kwenye benchi kuliko mtupo wenyewe. Mtu anayeambiwa kabla kwamba mpira unakuja kwake, mikono yake haiwi baridi.

Wilt Chamberlain alipita njia hiyohiyo miaka mingi kabla. Msimu wa 1961–62 alikuwa na wastani wa pointi 50.4, na usiku wa tarehe 2 Machi 1962 alifunga 100 katika mchezo mmoja. Alikuwa anatupa karibu mara 40 kwa mchezo. Boston ya Bill Russell ikamtoa. Msimu wa 1966–67, akiwa Philadelphia 76ers chini ya kocha Alex Hannum, alitupa kama mara 14 tu kwa mchezo, wastani ukawa pointi 24.1 na asisti 7.8. Sixers walishinda michezo 68 na kupoteza 13, wakachukua ubingwa na kukata mfululizo wa mataji manane ya Boston. Hata hivyo kumbukeni kwamba wenzake wa 1967 hawakuwa sawa na wale wa 1962. Mtu hawezi kugawa mpira kwa watu wasiokuwepo.

Hapo ndipo napenda kuwatetea hawa mastaa. Wengi mtaniambia kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kikapu, kidole kimoja kimewahi kufika mbali sana. Msimu wa 2000–01 Allen Iverson, mtu wa kimo cha kawaida kabisa mtaani, alitupa mara 25.5 kwa mchezo na kufunga wastani wa pointi 31.1, huku kati ya mitupo yake kumi ikiingia kama minne tu. Ukiisoma takwimu hiyo bila kuutazama mchezo utasema alikuwa anaiharibu timu. Sixers walishinda michezo 56 na kufika fainali. Kocha Larry Brown alimzungushia watu ambao kazi yao haikuhitaji mpira: Eric Snow aliyemkaba mchezaji mgumu wa upande wa pili, George Lynch na Tyrone Hill waliopigania ribaundi, Aaron McKie aliyetoka benchi, na kuanzia Februari 2001 Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliyechaguliwa mlinzi bora wa ligi msimu ule. Mtupo wa Iverson ukikosa, kulikuwa na watu wawili wanaougombea. Akipitwa na mtu wake, Mutombo alikuwa nyuma. Mchezo wa kwanza wa fainali Iverson alifunga pointi 48 na kuwafunga Lakers katika muda wa nyongeza, na huo ndio mchezo pekee Lakers waliopoteza katika mtoano wote wa mwaka ule. Kisha Lakers wakashinda minne mfululizo. Kwangu mimi timu ile ni mfano safi wa pande zote mbili. Mtu mmoja aliipandisha hadi mlangoni, na mlangoni pale hapakuwa na mtu wa pili wa kufunga.

Lipo jambo la ulinzi ambalo watu hulipita haraka. Mwenye mpira muda wote anachoka, na anapochoka anapumzika wapi? Upande wa ulinzi. Katika fainali ya 2024 Boston Celtics walimtafuta Luka Dončić wa Dallas Mavericks makusudi, wakimvuta kila mara akutane na mwenye mpira. Msimu ule Dončić alikuwa na wastani wa pointi 33.9, ribaundi 9.2 na asisti 9.8, kazi ya watu wawili. Mchezo wa tatu, Dallas wakiwa wamefuta karibu pointi zote 21 walizokuwa nyuma, alipata faulo ya sita zikiwa zimebaki dakika nne na kidogo. Alitolewa, Dallas wakapoteza, na Boston wakamaliza kazi kwa 4 kwa 1. Wao walikuwa na watu watano ambao yeyote kati yao angeweza kuanzisha au kumaliza shambulizi, na mchezaji bora wa fainali akawa Jaylen Brown, si Jayson Tatum aliyekuwa jina kubwa zaidi.

Lakini msinielewe kwamba kila anayeshika sana mpira yuko kundi moja. Steve Nash alishika mpira Phoenix Suns kuliko mtu mwingine yeyote, na timu yake ilitoka ushindi 29 hadi 62 katika msimu wake wa kwanza wa kurudi pale, 2004–05. Yeye alidunda akitafuta mtu, macho yote juu, na pasi ilitoka mapema kabla saa haijaanza kutisha. Nikola Jokić karibu kila shambulizi la Denver Nuggets linapita mikononi mwake, lakini mara nyingi haukai. Anaupokea, anamtazama mwenzake anayekimbilia kikapu, mpira unatoka. Mwaka 2023 Denver walichukua ubingwa hivyo. Tofauti kati ya mpira kupita kwako na mpira kukaa kwako ndiyo ningependa iingie vichwani mwa wachezaji wadogo kabla ya mambo mengine yote. Mara ngapi unaugusa mpira si tatizo. Tatizo ni wenzako wanafanya nini ukiwa nao.

Na wapo wanaokaa nao na bado wanashinda. Shai Gilgeous-Alexander alikuwa na wastani wa pointi 32.7 msimu wa 2024–25, nyingi akizitengeneza mwenyewe kwa kumsukuma mlinzi taratibu hadi sehemu anayoipenda. Oklahoma City walishinda michezo 68 na kutwaa ubingwa kwa kuwafunga Indiana Pacers 4 kwa 3. Hawa walikuwa na ulinzi bora wa ligi, na nyota wao mwenyewe alikaba. Pia hakuwa mtu wa kupoteza mpira ovyo. Ukitaka kumwachia mtu mmoja uamuzi wa mwisho, hizo ndizo gharama zake, na timu nyingi hazina uwezo wa kuzilipa.

Neno moja kuhusu kanuni, kwa sababu wengi wetu tunafundisha kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, huku tukiiga tunachokiona NBA. Katika NBA mlinzi haruhusiwi kusimama chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kuwa karibu na mtu anayemkaba. Katika FIBA katazo hilo halipo. Mlinzi mrefu anaweza kupiga kambi pale mchezo mzima. Kwa hiyo yule kijana wetu anayepiga chenga kama alivyoona kwenye simu anaingia ndani na kukuta ukuta ambao anayemwiga hakuukuta. Dončić huyohuyo, nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Slovenia dhidi ya Ufaransa, alitoa asisti 18. Shambulizi la mwisho alimpasia Klemen Prepelič, na Nicolas Batum akaruka na kuuzuia mtupo ule. Slovenia walipoteza 90 kwa 89. Kuna waliosema angetupa mwenyewe. Mimi nasema alisoma ulinzi sawasawa, pasi ilikuwa sahihi, na Batum alifanya kazi kubwa. Tukimlaumu kijana kwa pasi sahihi ambayo haikuingia, mwaka unaofuata hataitoa.

Basi mazoezini tufanyeje? Mimi huwa namchukua mwenye kipaji kikubwa kuliko wote nampeleka kwenye kona, namwacha acheze kipindi kizima bila ruhusa ya kuleta mpira. Anakasirika. Akisimama kwenye ile kona na mikono magotini, akingoja pasi isiyokuja, anaanza kuelewa kile wenzake wanachokiishi kila siku. Halafu namfundisha kukata nyuma ya mlinzi, kuweka skrini, kukimbilia sehemu iliyo wazi. Stephen Curry ni mmoja wa watu wenye chenga nzuri kuliko wote waliowahi kucheza, na walinzi wanamwogopa zaidi akiwa ameutoa mpira na anakimbia. Kijana akimwona Curry kwa macho hayo, hasira inapungua.

La pili ni dakika ambazo nyota yuko benchi. Makocha wengi tunazihesabu kama dakika za kuvumilia, tunaomba tu tusipigwe sana. Ni makosa makubwa. Mwaka 2022, raundi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Utah Jazz, Dončić alikuwa ameumia na akakosa michezo mitatu ya mwanzo. Mpira ukaangukia kwa Jalen Brunson. Mchezo wa pili alifunga pointi 41, na Dallas wakashinda miwili kati ya ile mitatu. Baada ya msimu ule aliondoka kwenda New York Knicks, na huko amekuwa nyota wa timu. Uwezo wake ulikuwepo siku zote akiwa Dallas. Ilihitajika jeraha la mtu mwingine ili uonekane kwa ukubwa huo.

Makocha, katika orodha zenu za wachezaji mwenye mikono magotini pale konani anaweza kuwa ndiye Brunson wenu. Mpeni kikosi chake mazoezini, mpeni mashambulizi yake mwenyewe, na siku ya mchezo mpeni dakika tano za robo ya pili akiwa ndiye mwenye mpira, hata kama matokeo yanabana. Nyota wenu naye mkalisheni benchi karibu nanyi dakika hizo, mmwonyeshe anachokiona mlinzi. Sasa nipeni maswali, na ningependa tuanze na wanaofundisha vijana chini ya miaka 16.